Kipimo cha Wote na Kipimo cha Wachache

Mwezi wa Mei ukungu wa Mafinga hauna haraka ya kuondoka. Hushuka usiku juu ya misindano ya Sao Hill, ukaifunika barabara kuu iendayo Mbeya, na asubuhi mwanafunzi wa kidato cha sita huingia chumba cha mtihani na sweta juu ya shati, mikono kaipachika kwapani, vidole visije vikafa ganzi kabla ya kushika kalamu. Saa ile ile, katika fukuto la Unguja au la Pemba, mwenziwe ambaye pengine hajapata kuona msindano maishani mwake huketi mbele ya bahasha iliyo sawa na ile. Bahasha hufunguliwa kwa wakati mmoja, na maswali ni yale yale. Katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, palipoorodheshwa mambo yaliyokabidhiwa kwa dola moja, Baraza la Taifa la Mitihani limo pamoja na ulinzi na sarafu. Elimu yenyewe ya msingi na ya sekondari haimo. Pande mbili zaweza kufundisha kila moja kwa wizara yake na kwa mpango wake, lakini mwisho wa safari hupimwa kwa mizani moja. Jambo hilo peke yake latosha kumfanya msomaji wa visiwani autazame mji ule wa nyanda za juu kama jirani.

Miezi sita baadaye, mvua za kwanza zinapokaribia, chumba kile kile hujaa tena, na safari hii waliomo ni wengi zaidi. Huo ndio mtihani wa kidato cha nne. Mitihani miwili, nchi moja, Baraza moja. Lakini kila mmoja huuliza swali lake. Ule wa Novemba, kwa asili yake, huuliza: je, umefika mahali ambapo kila kijana wa nchi hii anapaswa kufika? Ule wa Mei huuliza: kati ya waliofika, nani aendelee mbele, na kwa njia ipi? La kwanza ni swali la haki, maana kila mtu anastahiki kuulizwa na kila mtu anastahiki kuandaliwa alijibu. La pili ni swali la uteuzi. Tatizo ambalo makala hii inalishughulikia lazaliwa pale maswali hayo mawili yanapochanganywa: la kwanza likatungwa kwa ajili ya la pili, au la pili likaachiwa limfutie mtu la kwanza.

Huko Marekani suala hili limewahi kupewa jibu la waziwazi. Ipo mitihani ya kiwango cha juu iitwayo Advanced Placement, inayosimamiwa tangu katikati ya miaka ya 1950 na chombo kisicho cha serikali, College Board. Mwanafunzi aliye bado sekondari huifanya kwa somo moja moja, hupewa alama kuanzia 1 hadi 5, na vyuo vikuu vingi humpunguzia masomo ya mwaka wa kwanza akiwa amepata alama nzuri. Pembeni yake, majimbo kadhaa yamekuwa na mitihani yake ya lazima, ambayo kwa miaka mingi kijana asiyeifaulu hakupewa shahada ya kumaliza sekondari. Basi ikazuka hoja: aliyefaulu ule mgumu, ana haja gani ya kuufanya mwepesi? New York na Virginia, miongoni mwa mengine, yalikubali kwamba alama ya Advanced Placement yaweza kusimama mahali pa mtihani wa jimbo katika somo lile lile. Massachusetts ilikwenda mbali zaidi kwa njia nyingine kabisa: Novemba 2024 wapiga kura wake waliuondoa mtihani wa jimbo usiwe tena sharti la kuhitimu.

Hoja ya ubadilishanaji huo ina nguvu ya akili ya kawaida. Aliyekwisha kupima gunia zima hadaiwi kupima kibaba. Ikiwa mtihani wa lazima hutafuta kujua kama kijana anaijua hesabu, na kijana huyo ameshaonyesha kuwa anaijua ile iliyo juu yake, kumrudisha nyuma ni kumpotezea siku. Ila hoja hiyo husimama juu ya dhana moja ambayo aghalabu haitajwi: kwamba mtihani wa lazima ni kipimo cha maarifa na si kitu kingine. Ukiwa ni kitu kingine pia, yaani tendo ambalo vijana wote wa nchi hulifanya pamoja ili asiwepo aliye juu ya ulizo la wote, basi gunia haliwezi kulipia kibaba. Hakuna anayesamehewa kupanga foleni ya kupiga kura kwa kuwa amesoma sheria.

Tanzania haikupata kuukubali ubadilishanaji huo. Kwake mitihani ni ngazi, na kidato cha sita hakikanyagwi ila kwa kupitia cha nne. Anayetaka kuufanya wa juu, awe shuleni au awe mtahiniwa wa kujitegemea, lazima kwanza aonyeshe ufaulu wa kiwango cha C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu ya kidato cha nne. Hata mtu mzima aliyeacha shule zamani hutakiwa kwanza kupita katika mtihani wa maarifa ndipo aruhusiwe kukabiliana na ule wa nne. Na cheti cha nne hakiachwi nyuma baada ya kupanda. Humfuata mtu chuoni, kazini, na katika kila dirisha anapoombwa vyeti, hata kama mkononi ana shahada tatu. Tangu mwaka 2004 ndicho kilichofanywa kima cha chini cha kuingia katika ajira ya serikali.

Lakini ngazi hii ina siri ambayo wanaoipanda huizoea mapema mno kiasi cha kutoiona. Kidato cha sita si kidato cha nne kilichorefushwa. Ni kisima kilichochimbwa katika pembe moja ya shamba. Wa nne huhesabu masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi, wa sita huhesabu matatu. Mwanafunzi aliyechukua Historia, Kiswahili na Kiingereza aweza kung'ara nchi nzima mwezi wa Mei ilhali cheti chake cha Novemba kina F ya Hisabati, somo la lazima ambalo kwa miaka mingi wengi wa watahiniwa wameshindwa. Anaendelea hadi chuo kikuu, anafundisha, anaandika vitabu, na F ile haimdai kitu. Yaani ulazima wa somo ni ulazima wa kuketi mbele ya karatasi yake, si wa kulijua. Mwingine aliyepata alama za wastani katika masomo yote saba, akajua kidogo cha kila kitu ambacho raia anahitaji, huambiwa kuwa hakufanya vizuri. Kwa swali la haki, huyu wa pili ndiye aliyejibu. Kwa swali la uteuzi, amekosa. Na kwa kuwa karatasi ni moja, jibu la swali la uteuzi ndilo linaloandikwa juu ya paji lake. (Hata namba zenyewe hazikubaliani: A ya kidato cha sita Baraza huihesabu 1, kwa kuwa pointi chache ndiyo sifa, Tume ya Vyuo Vikuu huihesabu A ile ile 5, kwa kuwa kwao sifa ni pointi nyingi. Mzazi asiyejua huweza kufurahi au kulia kwa makosa.)

Mafinga ina mtu wake katika historia hii. Joseph Mungai, aliyekuwa mbunge kutoka Mufindi, alikuwa Waziri wa Elimu na Utamaduni kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, na jina lake liko kwenye ubao wa shule ya sekondari mjini humo. Katika wakati wake sekondari zilianza kuongezeka kwa kasi ambayo nchi haikuwa imeiona, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ukazaa shule za kata hadi vijijini. Lakini watu wengi humkumbuka zaidi kwa jambo jingine: mitaala ilipunguzwa, na Fizikia na Kemia zikaunganishwa kuwa somo moja kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Uamuzi huo ulipigiwa kelele, na haukudumu.

Inafaa kuuangalia tena kwa utulivu, sasa kwa kuwa Mungai alifariki mwaka 2016 na kelele zimepoa. Kwa swali la haki, haukuwa wa kipuuzi. Kijana ambaye hatakuwa mhandisi wala mfamasia, naye ni wengi, aweza kutosheka na sayansi moja iliyoshikana, inayomweleza kwa nini chuma hushika kutu na kwa nini umeme huua. Shule yenye mwalimu mmoja wa sayansi, na hizo hazikuwa chache, ingepata nafuu. Tatizo lilionekana kwa aliyetazama juu: kidato cha tano hakikuunganisha kitu. Fizikia ilibaki Fizikia na Kemia ikabaki Kemia, na wachache waliokuwa wakielekea huko wangefika na nusu ya mzigo kwa kila mkono. Kwa hiyo somo la wote likarudishwa katika umbo lake la zamani kwa haja ya wachache. Pengine ilikuwa sawa kurudishwa. Nchi inahitaji madaktari. Lakini haikuulizwa kwa sauti kwa nini haja ya anayepanda ndiyo iamue chakula cha anayebaki, wala kwa nini isiwezekane kuwaandalia wapandao ngazi yao bila ya kuwalisha wengine wote vumbi lake.

Swali hilo si geni. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Julius Nyerere alishikilia kwamba elimu inayotolewa shule za msingi lazima iwe kamili kwa nafsi yake na isiwe matayarisho tu ya sekondari, na akailaumu mitihani kwa kupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaandika kwa wakati uliopangwa, bila ya kupima tabia wala moyo wa kutumikia. Wakati huo watoto wa Tanzania walikuwa bado wanapimwa kwa mitihani iliyotoka Cambridge. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka ule ule wa 1967, Tanzania ikajitoa 1971, na Baraza lake lenyewe likawekwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka uliofuata, Novemba 1974, Azimio la Musoma lilijaribu kuikata kamba kati ya mtihani wa juu na chuo kikuu: aliyemaliza kidato cha sita asiende moja kwa moja, atumikie Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, kisha aje na ushuhuda wa mwajiri na wa chama kwamba ni mtu wa kufaa. Wasichana walisamehewa sharti hilo baada ya muda mfupi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 utaratibu wote ulikuwa umeachwa. Maendeleo ya mwanafunzi darasani, yaliyoanza kuhesabiwa 1976 pamoja na mtihani wa mwisho, ndiyo yaliyobaki kuwa alama ya jaribio lile.

Azimio lile halipaswi kudhihakiwa kama ilivyo desturi siku hizi. Lilitaka kumjua mtu. Udhaifu wake ulikuwa katika nani atakayemjua. Ushuhuda wa mwajiri ni neno la mtu juu ya mtu, na neno la mtu huweza kununuliwa, kukopeshwa, kunyimwa kwa chuki, au kutolewa kwa haya. Mtihani, kwa ubaridi wake wote, haumjui mtoto wa katibu wala wa mkata magogo. Una namba tu. Kwa mtoto asiye na mjomba ofisini, upofu huo wa karatasi ndiyo rafiki pekee aliyepata kuwa naye serikalini.

Visiwani na mwambao kote, hata hivyo, ulikuwepo na upo utaratibu wa elimu ambao haukuona dosari katika kumjua mwanafunzi. Chuoni mtoto huanza na herufi, akaingia Juzuu Amma, na hapandishwi mpaka aisome mbele ya mwalimu bila ya kukwama. Akikwama hapewi sifuri, hurudia kesho. Hakuna siku ya mwaka ambayo wote hushindwa kwa pamoja. Juu kabisa ya njia hiyo imo ijaza, idhini ambayo mwanachuoni humpa mwanafunzi wake kufundisha kitabu fulani, na nguvu yake yote ni kwamba aliyeitoa alimsikiliza aliyepewa, kitabu kizima, na jina lake mwenyewe limo hatarini. Katika njia hii la chini na la juu hayashindani. Juzuu Amma haikutungwa ili kuwachuja watakaopata ijaza. Ni kwa ajili ya kila anayesali, na yeye ambaye ndiyo mwisho wake hakuambiwa ameshindwa. Bila shaka njia hii haiwezi kubeba mamia ya maelfu kwa mwaka, nayo ina upendeleo wake. Lakini yafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba kumpima mtu na kumwaibisha ni kitendo kimoja.

Aibu ya mwaka 2012 ndiyo iliyolifanya suala hili lisiweze kufichika. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huo yalipotangazwa mapema 2013, zaidi ya watahiniwa 240,000 walikuwa na divisheni sifuri, nao walikuwa zaidi ya nusu ya waliofanya. Nchi ilishtuka, tume iliundwa, Mei 2013 serikali iliyafuta matokeo na kuamuru yapangwe upya, na baada ya kupangwa ufaulu ukapanda kufikia takriban 43 kwa mia. Karatasi zilikuwa zile zile, zenye majibu yale yale. Mtoto aliyelala amefeli aliamka amefaulu bila ya kuongeza neno. Baadaye madaraja yenyewe yakabadilishwa yakawa ya wastani wa pointi, na mwaka 2016 divisheni zikarudishwa.

Wapo waliosema kuwa kupanga upya kulikuwa ni kuidanganya nchi. Wengine walisema kuwa dhuluma ilikuwa katika matokeo ya kwanza. Wote wawili walikuwa wakijibu maswali tofauti. Kama mtihani ule ni wa kuteua watakaokwenda kidato cha tano, kusogeza mstari hakumdhuru mtu sana, kwani nafasi ni zile zile na wa kwanza hubaki wa kwanza. Kama ni wa kuuliza iwapo kijana amepewa alichostahiki, basi sifuri zile 240,000 zilikuwa ni jibu la kweli kabisa, ila aliyepaswa kulisoma hakuwa kijana. Alikuwa ni yule aliyejenga shule ya kata akasahau kuipelekea walimu, na aliyemtoa mtoto darasa la saba akiwa anafikiri kwa Kiswahili akamtaka kidato cha kwanza afikiri kwa Kiingereza. Mtihani wa wote ukisomwa vizuri humpima mfundishaji kabla ya kumpima mfundishwaji. Uliposomwa kwa jicho la ule wa wachache, ukageuka hukumu juu ya watoto, na kisha hukumu hiyo ikapunguzwa kwa huruma, nayo si dawa ya ukosefu wa mwalimu.

Mafinga pana mahali pengine ambapo mitihani hii miwili hukutana, na hapo haikutani kwenye karatasi. Ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hilo lilianzishwa 1963. Utumishi wa lazima kwa waliomaliza kidato cha sita ulisitishwa mwaka 1994 na ukarudishwa 2013. Tangu hapo, mara baada ya mtihani wa Mei, vijana wa Bara walioitwa kwa mujibu wa sheria hupelekwa makambini kwa kiasi cha miezi mitatu, na baadhi yao hushukia Mafinga katika baridi ya Juni, wengine kutoka Tanga na Mtwara wakiwa na shuka nyembamba. Huko huwakuta wale wa kujitolea, ambao mkataba wao wa awali ni wa miaka miwili, na miongoni mwao wamo waliomaliza darasa la saba na waliomaliza kidato cha nne bila ya alama za kupanda. Wote hunyolewa, wote hukimbia alfajiri, wote hushika jembe. Kwa miezi mitatu A ya Fizikia na F ya Hisabati huvaa kombati zinazofanana na huogopa kocho ya afande mmoja.

Wenye kuisifu kambi husema kuwa hapo ndipo usawa unapofundishwa. Yamkini ni kweli kwa kiasi. Lakini mtazamaji makini ataona kwamba hata hapo mlango ni miwili. Mmoja ameletwa na mtihani wa juu, na kambi kwake ni kituo cha njiani. Oktoba au Novemba yuko chuo kikuu. Mwingine amekuja kwa hiari yake, na hiari hiyo mara nyingi ina maana kwamba mlango mwingine haukuwepo. Anatumaini kwamba baada ya kambi huenda pakawa na ajira katika vyombo vya ulinzi. Wamelima shamba moja na hawakupanda mbegu moja. Ajabu ni kwamba wajibu wa taifa umewekwa juu ya mtihani wa wachache. Anayelazimishwa ni aliyefaulu kwenda mbele, na mantiki yake ni ya tangu Musoma: aliyepewa kingi, arudishe. Ni mantiki njema. Lakini yule wa kidato cha nne haambiwi taifa linamdai nini; na yeye, akitazama, huenda akafahamu kwamba taifa halimdai kwa kuwa halimtegemei.

Limebaki jambo gumu zaidi, ambalo ndilo linaloifanya hoja ya gunia na kibaba ijaribiwe mpaka mwisho. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu vilikuwa vimelinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, na watumishi 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini bila ya mafao. Baadhi walikata rufaa, ikaonekana makosa yalikuwa ya kumbukumbu, wakasafishwa. Wengi hawakuwa na la kusema. Mwaka 2022 serikali iliamua kuwarejeshea michango waliyokuwa wamekatwa katika mishahara yao kwa ajili ya mifuko ya pensheni.

Na achukuliwe muuguzi wa mfano tu. Alifeli kidato cha nne, akatumia cheti cha ndugu yake kuingia chuo cha uuguzi, akafaulu mitihani ya chuo kwa kichwa chake mwenyewe, akazalisha wanawake kwa miaka ishirini. Kwa hoja ya gunia, amekwisha kulipa: la juu limelifuta la chini, kwani kibaba cha nini kwa mtu ambaye mikono yake imepokea watoto elfu? Serikali ilikataa hoja hiyo, na haikukosea kuikataa. Kosa la muuguzi halikuwa kutokujua bali uongo, na ujuzi uliopatikana baadaye hauwezi kuurudia uongo ukaugeuza kweli. Fauka ya hayo, mahali pale chuoni palikuwa na mtu mwingine, mwenye cheti chake cha halali, aliyeambiwa nafasi zimejaa. Huyo hakuandikwa katika ripoti yoyote, na hakuna wa kumrejeshea kitu.

Hata hivyo kisa hicho hakimwachi hakimu naye salama. Kama mtu aliyeandikiwa kuwa hafai kwa chochote aliweza kuwa muuguzi hodari, basi cheti cha Novemba kilikuwa kimesema uongo wake kabla ya yeye kusema wake. Kilimwambia kuwa hawezi, naye aliweza. Mlango mmoja wenye kufuli moja huzaa wezi kuliko milango mitatu iliyo wazi kwa funguo tofauti. Na ule utayari wa serikali kuirejesha michango, ukitazamwa vizuri, ni ungamo la nusu: kazi ilikuwa ya kweli, mshahara ulikuwa wa halali kwa kiasi fulani, jina tu ndilo halikuwa lake.

Wasomaji wa mashairi wanaijua kesi hii kwa sura nyingine. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliweka wazi sharti la vina na mizani ambalo malenga walikuwa wakilifuata kwa sikio. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, baadhi ya wakubwa wa fani walisema: huyu hajapita kidato cha chini, vipi anadai cha juu? Atunge kwanza tarbia iliyosimama, kisha ndipo avunje atakacho. Wapo hadi leo wanaoshikilia hivyo, na hawana makosa kwa mwanafunzi, kwani sikio hufunzwa kwa mizani kama mguu unavyofunzwa kwa kutembea kabla ya ngoma. Lakini sharti lile lile likigeuzwa kuwa cheti cha kuonyeshwa mlangoni, litawafukuza washairi na kuwaacha wahesabu silabi. Tarbia haikuwekwa ili kuchuja nani atakuwa mshairi huru. Iliwekwa ili watu wengi, wavuvi na mabibi wa shughuli, waweze kusema jambo likakumbukwa. Waliotunga beti tatu tu maisha yao yote, za harusi ya binti au za kumlilia jirani, hawakufeli ushairi.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Ada za kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali zilikwisha kufutwa tangu 2016, na za cha tano na cha sita mwaka 2022. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Hatua hizi zote zinaelekea upande mmoja: kidato cha nne kinakaribia kuwa kweli mahali pa wote kufika. Lakini karatasi ya Novemba bado ni ile ile moja, yenye kazi mbili mgongoni, na bado vidato viwili vya juu ndivyo vinavyoamua kitakachoulizwa ndani yake.

Novemba ijayo, mvua ikianza, kijana wa Mafinga atatoka chumba cha mtihani jioni akapita kando ya rundo la mbao zinazongoja lori la kwenda pwani. Mbao zimepangwa kwa unene na kwa urefu, za mbili kwa nne mahali pake, za moja kwa nane mahali pake, na vipande vifupi navyo vimefungwa vizuri kwa kamba, kwa kuwa yuko fundi atakayevihitaji. Nyumba nyingi za mji anaouona ramani tu zimeezekwa kwa mbao hizo. Matokeo yake yatatoka Januari.